Vita vya Baharini Hulipiwa Nyakato

Barabara kuu ya kwenda Musoma, inapokatiza Nyakato jijini Mwanza, haikosi malori ya makontena. Yanakuwa yametembea zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, na kila kontena lina watu wanaolisubiri: fundi gereji aliyeahidi gari la mteja litatoka Ijumaa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mabati yamemwishia, mama wa duka la vitenge ambaye sherehe za harusi zimemkuta rafu ziko tupu. Mteja akiuliza kwa nini bei imepanda au bidhaa haijafika, hujibiwa kwamba mzigo bado uko majini. Huguna, huhesabu fedha zake upya, huondoka. Ni nadra mtu kuuliza ni maji gani hayo, nani anayalinda na nini kimewahi kutokea ndani yake.

Kutouliza huko kuna gharama. Mkazi wa Nyakato, ambaye ziwa liko karibu naye na bahari iko mbali, amezoea kuihesabu Bahari ya Hindi kuwa shughuli ya watu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Historia inaonyesha kinyume. Vita vikitokea baharini, bili yake hupanda reli na barabara mpaka ifike jikoni kwa mtu wa bara, hata kama mtu huyo hajawahi kuonja maji ya chumvi. Watu wasioijua habari hiyo huilipa kila mara kama ajali mpya, bila kujiandaa kwa inayofuata.

Wazee walisema aliye kando haangukiwi na mti. Methali hiyo ina ukweli wake shambani. Je, inafaa kwa bahari? Maisha ya nyambizi moja ya Kijerumani, U-198, ambayo katika Vita Kuu ya Pili ilizamisha meli mbele ya pwani ya Tanganyika, yanaonyesha kwamba haifai.

Chuma cha Bremen mbele ya Dar es Salaam

U-198 iliundwa katika karakana ya AG Weser mjini Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ikaanza kazi rasmi Novemba 1942. Haikuwa nyambizi ndogo ya kuvizia karibu na nyumbani. Ilikuwa ya aina ya IXD2, iliyobuniwa kwa ajili ya bahari za mbali. Urefu wake ulikuwa mita 87.6. Mkazi wa Mwanza aliyeiona meli ya MV Mwanza, yenye mita 92.6, na apunguze mita tano tu, kisha aifikirie ikiwa nyembamba kama bomba, imejaa injini, betri, mafuta, topido 24 na watu zaidi ya 60. Kwa mwendo wa wastani iliweza kukata zaidi ya maili 23,000 za baharini kwa mafuta iliyobeba. Iliweza kutoka Ulaya, kuzunguka ncha ya Afrika Kusini, kuwinda Bahari ya Hindi na kurudi.

Kwa nini Ujerumani ilijisumbua kuja huku? Sababu ni biashara. Bahari ya Mediterania ilikuwa uwanja wa vita, hivyo silaha, mafuta, chakula na askari wa Uingereza waliokwenda Misri, Uhindi na Mashariki ya Mbali walipita chini ya bara la Afrika, kisha wakapanda kaskazini kupitia mlangobahari wa Msumbiji na mbele ya pwani ya Waswahili. Njia ile ilikuwa mshipa wa damu wa dola ya Uingereza. Aliyeukata hakuhitaji kuteka hata kijiji kimoja.

Wajapani walikuwa wametangulia. Mei 1942 nyambizi zao ndogo ziliingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, zikaijeruhi manowari kubwa ya Kiingereza, Ramillies. Wiki zilizofuata nyambizi zao kubwa zilizamisha meli zaidi ya 20 katika mlangobahari wa Msumbiji. Novemba mwaka huohuo nyambizi ya Kijerumani U-177 ikaipiga Nova Scotia karibu na pwani ya Natal. Meli hiyo ilikuwa imebeba mateka na wafungwa wa Kitaliano waliotolewa Massawa, na watu zaidi ya 850 walikufa maji. Bahari ambayo vitabu vingi vya shule hapa nchini huitaja kwa sura ya majahazi, karafuu na watumwa ilikuwa imegeuka uwanja wa vita wa mataifa makubwa.

U-198 iliondoka Kiel Machi 1943 chini ya kamanda Werner Hartmann. Ilikaa baharini kwa zaidi ya miezi sita. Mei hadi Agosti ilizamisha meli saba, nyingi zikiwa kati ya Natal na kusini mwa Msumbiji. Miongoni mwake ilikuwamo Dumra ya kampuni ya British India, jina lililofahamika katika bandari za Afrika Mashariki na Bombay, na meli ya Kimarekani William King. Katikati ya safari hiyo, Juni 1943, ilikutana na meli ya mafuta ya Kijerumani, Charlotte Schliemann, kusini mwa Morisi. Nyambizi kadhaa zilipanga zamu ya kujaza matangi, kisha zikarudi kuwinda. Septemba ilitia nanga Bordeaux, nchini Ufaransa.

Kilichozama ni zaidi ya chuma. Meli za biashara za Uingereza zilikuwa na mabaharia wengi wa Kihindi, waliochochea makaa, waliopika na waliopiga deki kwa mshahara mdogo kuliko wa wenzao wa Kizungu. Topido haikuchagua. Ilipopasua ubavu wa meli, aliyekuwa chini kabisa kwenye mashine ndiye aliyekuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuiona ngazi.

Siku sita za Agosti

Safari ya pili ndiyo inayoihusu Tanganyika moja kwa moja. Aprili 1944 U-198 iliondoka La Pallice, Ufaransa, ikiwa na kamanda mpya, ofisa kijana aliyeitwa Burkhard Heusinger von Waldegg. Juni ilizamisha meli ya Afrika Kusini, Columbine. Julai ilizamisha Director ya Uingereza. Kisha ikapanda kaskazini.

Agosti 6, 1944 iliipiga Empire City mbele ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mpaka wa Tanganyika. Siku iliyofuata, Agosti 7, ikaipiga Empire Day mashariki mwa Dar es Salaam. Siku hiyo sokoni Kariakoo watu walipanga bei za samaki kama kawaida, na Mwanza treni ya kwenda Tabora ilipakia magunia, huku upande wa pili wa upeo wa macho watu wakiwa kwenye mashua za kuokolea. Wajerumani walimchukua mateka ofisa wa kwanza wa Empire Day, wakazama naye.

Wakati huo ilikuwa imepita miaka 28 tangu Waingereza waitwae Mwanza kutoka kwa Wajerumani, Julai 1916. Jiwe lililo pembeni ya jiji bado linabeba jina la Bismarck. Watu wengi wa kanda ya ziwa waliozaliwa chini ya bendera ya Kaisari walikuwa hai, na baadhi yao walikuwa na watoto waliovaa sare za mfalme wa Uingereza. Ujerumani iliyokuwa imeondoka kwa miguu ilirudi chini ya maji.

Safari hii haikukaa. Kikosi cha Kiingereza kilichoitwa Kikosi cha 66, chenye meli mbili ndogo za kubeba ndege, Begum na Shah, pamoja na frigeti kadhaa, kilitumwa kuisaka. Agosti 10 ndege kutoka Shah iliiona na kuishambulia. Nyambizi ilizama chini na kukimbilia mashariki, lakini nyambizi iliyokwisha kuonekana ilikuwa na tatizo lisilokwepeka: betri zake zilihitaji hewa ya juu ili zichajiwe, na juu kulikuwa na ndege. Agosti 12, kaskazini magharibi mwa Shelisheli, frigeti ya Kiingereza Findhorn na meli ya jeshi la majini la Uhindi, Godavari, ziliipata kwa mitambo ya sauti na kuimaliza. Watu wake wote 66 walikufa. Ofisa yule wa Empire Day, aliyenusurika topido ya Wajerumani, akafa pamoja nao kwa silaha za upande wake mwenyewe.

Katika safari zake mbili U-198 ilizamisha meli 11, zenye jumla ya tani karibu 60,000. Ni nyambizi moja tu kati ya nyingi. Siku iliyofuata kuzama kwake, nyambizi nyingine ya Kijerumani, U-862, ilianza kupiga meli katika mlangobahari wa Msumbiji, na ndani ya wiki moja ilizamisha nne.

Pamba ipo, nguo hakuna

Nini kilifika Usukumani kutokana na haya yote? Jibu linaanzia mwilini mwa mtu: nguo.

Miaka ya 1930 nguo za bei nafuu zilizouzwa katika maduka ya Wahindi, kutoka Mwanza hadi Magu na Shinyanga, zilitoka nje, na nyingi zilitoka Japani. Mkulima wa pamba aliuza pamba yake, ikachambuliwa kwenye jineri, robota likapakiwa melini kuvuka ziwa hadi Kisumu na kushuka kwa reli mpaka bandari ya Kilindini, Mombasa, au likashuka kwa reli ya kati hadi Dar es Salaam. Huko likapanda meli kwenda viwanda vya Bombay na kwingineko. Kisha mkulima huyohuyo akainunua pamba ya dunia ikiwa imeshageuka kaniki, merikani au kanga, ikiwa imelipiwa nauli ya meli, bima na faida ya kila mkono ulioigusa.

Mpango huo ulifanya kazi ilimradi bahari imetulia. Desemba 1941 Japani iliingia vitani, na duka lake likafungwa. Meli za Uingereza zilizobaki zilipewa kazi ya kubeba mizinga na askari kwanza. Zilizobeba bidhaa zililazimika kungoja msafara wa ulinzi, kuzunguka, kuzima taa, na nyingine hazikufika. Nguo zikaadimika Tanganyika nzima, bei zikapanda, biashara ya mlango wa nyuma ikashamiri. Mkulima wa Usukumani akajikuta amesimama katikati ya shamba la pamba, na mkewe hana kanga ya kubadilisha.

Nani aliyemfanyia hivyo? Hakuna Mjerumani aliyekanyaga shamba lake, wala bomu lililoanguka Nyakato. Aliumizwa na umbali uliokuwa kati ya pamba yake na nguo yake, umbali uliopita juu ya maji ambayo watu kama Hartmann walikuwa wakiyawinda. Usisafirie nyota ya mwenzio, husema mabaharia wa pwani. Uchumi mzima wa kanda ya ziwa ulikuwa ukisafiria nyota ya mwingine.

Nguo haikuwa peke yake. Burma ilipotekwa mwaka 1942, mchele wake, ambao Zanzibar iliutegemea mno, ulikatika, na visiwa vikaingia katika mgao na msukumo wa kulima chakula. Malaya ilipotekwa, mpira wa matairi ukawa lulu, na mashamba ya mpira yaliyokuwa yametelekezwa Tanganyika yakafufuliwa. Ufilipino ilipotekwa, katani ya Manila ikapotea sokoni, na mkonge wa Tanga na Morogoro ukawa bidhaa ya kivita: kamba za meli, nyuzi za kufungia mizigo, magunia. Serikali ya kikoloni ilikusanya watu kwa nguvu kuwapeleka kwenye mashamba hayo. Wasukuma, ambao vijana wao walikuwa wamezoea kwenda manamba huko hata kabla ya vita, walijua vizuri maana ya mkonge kuhitajika: mikono mingi zaidi, siku ndefu zaidi, na mama mjane aliyebaki kulima peke yake. Mwaka 1943 ukame ulipoikumba Afrika Mashariki, kaya zilizokuwa zimepungukiwa nguvukazi ziliingia katika njaa zikiwa zimechoka tayari.

Kwa hiyo mtu akisema vita vile vilikuwa vya Wazungu, aulizwe nani aliyevaa viraka kwa ajili ya vita hivyo.

Waliopanda meli Kilindini

Wapo waliolipa zaidi ya nguo. Makumi ya maelfu ya Watanganyika waliingia jeshini. Wengi walikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), wengine wapagazi, madereva, wapishi na wapiga mizinga. Walipigana Uhabeshi, wakatua Madagaska mwaka 1942, wakaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua na matope mwaka 1944. Kufika Burma kulihitaji kuvuka bahari ileile.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo, Ceylon. Ndani yake ilikuwamo Khedive Ismail, meli ya zamani ya abiria iliyokuwa imebeba zaidi ya watu 1,500. Kundi kubwa zaidi lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana waliokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za eneo hili. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Manowari za ulinzi ziliisaka nyambizi hiyo na kuizamisha, na mabomu yao yaliangushwa mahali ambapo manusura walikuwa wakielea. Watu 1,297 walikufa siku hiyo. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya meli za Washirika katika vita vile.

Majina ya wapiga mizinga waliopotea humo yako kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi. Kwa familia nyingi hapakuwa na mwili wa kuosha, wala kaburi la kupanda mti. Mtoto alitoka nyumbani kwa lori, habari ikarudi kwa karatasi.

Mombasa yenyewe ilikuwa kitovu cha vita ambavyo wakazi wake hawakuelezwa. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon Aprili 1942, makao ya meli za Uingereza za mashariki yalihamia Kilindini. Katika shule iliyopewa jina la Allidina Visram, mfanyabiashara ambaye maduka yake yaliwahi kuenea hadi pwani za Ziwa Victoria, wataalamu wa Kiingereza walikaa wakisikiliza redio za Wajapani, na humo waliufumbua msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Wanafunzi wangapi wa historia, kutoka Mombasa hadi Mwanza, wamewahi kusimuliwa habari hiyo?

Maji yale yale, miaka 80 baadaye

Anayedhani haya ni ya kale na atazame miaka michache iliyopita. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraini, bei ya petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Bodaboda wa Buzuruga, Mwanza, hakuwa na ugomvi na yeyote katika Bahari Nyeusi, lakini nauli yake ilibadilika.

Kuanzia Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemeni walianza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu. Kampuni kubwa za meli ziliacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, njia ileile ambayo meli za Waingereza ziliifuata mwaka 1943. Safari kutoka Ulaya ziliongezeka siku nyingi, na nauli za makontena zikapanda duniani kote. Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa ikiwa na mbolea tani 21,000 hivi, ikazama mwanzoni mwa Machi. Siku chache baadaye mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa. Nanga ya Rubymar ilihusishwa na kukatika kwa nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari hiyo.

Nyaya hizo ni sura mpya ya mambo ya zamani. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki zilipata hitilafu, na Tanzania ikajikuta karibu gizani kimtandao. Hiyo haikuwa vita. Lakini wakala wa fedha aliyeshindwa kutuma muamala, na mfanyabiashara aliyeshindwa kuwasiliana na aliyemuuzia mashine Guangzhou, wote walikumbushwa kwamba simu iliyo mfukoni Nyakato inapumua kupitia uzi uliolala sakafuni mwa bahari. Mwaka 1944 aliyetaka kuidhuru nchi ya bara kwa kupitia maji alihitaji nyambizi ya mita 87 na watu 66. Leo anahitaji ndege ndogo isiyo na rubani, au nanga inayoburuzwa.

Kinachopaswa kufanyika

La kwanza ni shuleni. Somo la historia humwambia mtoto wa Ilemela kwamba Tanganyika ilishiriki Vita Kuu ya Pili, humtajia sababu tano na matokeo saba, kisha humwachia mtihani. Lingepata uhai kama lingemwonyesha ramani ya Agosti 1944, na nukta mbili mbele ya pwani: Empire City na Empire Day. Lingemwuliza kazi ya nyumbani: babu mzaa babu alivaa nini mwaka ule, na nani katika ukoo alikwenda Keya au manamba? Wazee wenye kumbukumbu hizo wamebaki wachache sana, na watoto wao, ambao walisimuliwa, nao wanazeeka. Walimu wa Nyakato wanaweza kuanza kazi hiyo muhula huu kwa daftari na kalamu, bila kusubiri waraka.

La pili ni pamba. Baada ya uhuru nchi ilijaribu kufunga umbali ule uliomuumiza mkulima wakati wa vita. Mwatex ilijengwa Mwanza na Mutex ikajengwa Musoma, ili pamba ya kanda ya ziwa igeuke kanga na kitenge hapahapa. Viwanda hivyo vilidorora kwa sababu ambazo wachumi wamezieleza mara nyingi: umeme, mitambo iliyochakaa, usimamizi, ushindani wa nguo za nje na za mitumba. Lakini hoja iliyovizaa haijadorora. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa robota. Wanaopanga bajeti ya viwanda hupima faida na hasara za miaka ya amani. Wapime pia gharama ya mwaka mmoja ambao bahari imefungwa. Kiwanda kinachoonekana ghali Mei kinaweza kuwa ndicho kinachovisha watu Novemba.

La tatu ni bahari yenyewe. Tanzania ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 na eneo kubwa la maji linalotambuliwa na sheria za kimataifa. Fedha zinazotumika kununua boti za doria, rada na mafunzo ya mabaharia mara nyingi huonekana bungeni kama mahitaji ya mikoa ya pwani. Mbunge wa kanda ya ziwa anapozipitisha bila swali au kuzipinga bila kufikiri, anaamua bei ya sabuni, dawa na vipuri vya wapiga kura wake. Hali ni hiyo hiyo kwa akiba ya mafuta: nchi yenye akiba ya wiki chache na nchi yenye akiba ya miezi hupokea habari ya meli iliyoungua kwa namna mbili tofauti kabisa, na aliye mwisho wa barabara ndiye anayeihisi tofauti hiyo kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kuzuia vita, na kwamba kumjaza habari za nyambizi ni kumwongezea hofu. Kweli hawezi kuvizuia. Wala mkulima wa 1942 hakuweza kuizuia Japani. Lakini mkulima yule hakupewa hata nafasi ya kujua kwa nini duka limekauka. Aliambiwa avumilie, na bei ikapangwa na wengine. Mkazi wa Nyakato wa leo ana kura, ana chama cha wafanyabiashara, ana ushirika, ana mtoto shuleni na ana simu. Anaweza kumuuliza mgombea wa uchaguzi ujao swali moja lililonyooka: meli zikiacha kufika kwa miezi mitatu, jimbo hili litavaa nini, litapika kwa mafuta gani, na pamba iliyoko kwenye maghala itakwenda wapi? Mgombea asiye na jibu aombwe akalitafute kabla ya kurudi jukwaani.